Eti Melbourne ni kama Arusha!

Jumamosi iliyopita bosi wa dawati alinituma kwenye hoteli moja hapa Dar, kulikuwa na maonyesho ya vyuo vya nje. Mnayajua haya maonyesho. Kiyoyozi kinapuliza, vijana wenye tai, meza zimejaa vipeperushi vya rangi, maji ya chupa ya bure, na wazazi wamekaa viti vya mbele na bahasha za kaki mapajani, ndani mna vyeti vya watoto wao. Wakala mmoja (simtaji, na hata nikimtaja hatabadilika) alikuwa anauza vyuo vya Melbourne, Australia. Kaongea vizuri sana. Kaonyesha picha: majengo marefu, mto, wanafunzi wa kila rangi wamekaa kwenye majani wanacheka. Anga ya bluu kila picha.

Kufika wakati wa maswali, mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono.

"Samahani mwanangu, hali ya hewa ya huko ikoje? Maana huyu wangu ana kifua."

"Ondoa shaka mama," wakala akasema. "Hali ya hewa ya Melbourne ni nzuri sana. Ni kama Arusha tu."

Ukumbi ukacheka. Wengine wakapiga makofi. Mama akakaa, slaidi ikafuata.

Sasa mimi Melbourne nimeishi. Nilikwenda Julai 2022 kwa masomo ya uzamili, nikarudi mwisho wa 2023. Na Arusha nina shangazi Sakina, nimelala kwake likizo nyingi tu. Pale nyuma nilipokaa na kinasa sauti changu nilitaka kunyanyuka niseme. Sikunyanyuka. Nilijiambia mimi nimekuja kuandika, sijaja kuharibu biashara ya mtu. Tulipotoka yule mama akanikuta mlangoni, akaona kitambulisho cha gazeti kifuani, akaniuliza: "Baba, wewe ni mtu wa magazeti, unajua mambo. Kweli ni kama Arusha?" Nikatazama saa, habari inasubiriwa ofisini. Nikamjibu, "Inategemea, mama." Inategemea! Habari ikatoka Jumatatu, ukurasa wa ndani, maneno mia tatu, hali ya hewa haimo hata neno moja.

Basi leo naandika yale niliyopaswa kumwambia pale mlangoni.

Tuanze na hiyo Arusha. Julai, ambao ndio mwezi wa baridi kule na huku (maana wengi wanasahau kwamba na sisi tuko kusini ya ikweta, kipupwe chetu ndicho majira yao ya baridi), Arusha asubuhi inashuka mpaka nyuzi 12 au 13, mchana inapanda 21, 22. Melbourne mwezi huo huo mchana wenyewe ni nyuzi 14 hivi, usiku 6 au 7. Mtu wa Mbeya atasema hiyo ya usiku anaijua. Ni kweli anaijua. Lakini Mbeya ikifika saa tano jua linakukomboa, watu wanatoka nje wanaota jua ukutani. Melbourne saa tano ya asubuhi ya Julai unaweza kutoka nje ukakuta anga ya rangi ya sufuria, mvua ya manyunyu inayokuja kwa ubavu, na saa kumi na moja jioni na dakika chache jua limezama. Hujaliona siku nzima na limekwenda kulala.

Ila baridi sio uongo mkubwa wa yule wakala. Uongo mkubwa upo kwenye neno dogo "ni". Melbourne haina "ni". Ukiniuliza hali ya hewa ya Melbourne ikoje, jibu la haki ni kukuuliza na mimi: saa ngapi?

Sisi watu wa pwani tuna pepo mbili, kaskazi na kusi, na zinapokezana mara mbili kwa mwaka kwa adabu, mpaka mababu waliendesha majahazi kwa ratiba yake. Melbourne inaweza kukupa kaskazi na kusi alasiri moja. Mji umekaa chini kabisa ya bara la Australia. Juu yake, upande wa kaskazini, kuna nchi kavu na majangwa. Chini yake, kusini, kuna bahari, na ukivuka bahari hiyo ni Antaktika. Upepo ukitoka kaskazini unaleta joto la jangwani, unakuwa kama mtu kafungua mlango wa tanuri ya mkate usoni kwako. Halafu mkanda wa hewa baridi unaingia kutoka kusini magharibi, upepo unageuka, na joto linashuka nyuzi 10, hata 15, ndani ya saa moja. Wenyeji wana usemi wao kwamba mji una misimu minne kwa siku moja, wanausema wakicheka. Wanacheka kwa sababu wamezaliwa nao na kabatini wana nguo za misimu yote minne. Mtoto wa Mbagala ana begi la kilo thelathini.

Na kugeuka kwa upepo sio kichekesho kila mara. Februari 7, 2009, Melbourne ilifika nyuzi 46.4, rekodi ya mji huo. Siku hiyo jimbo la Victoria lilikuwa linaungua, moto wa porini. Jioni ule upepo wa baridi ambao watu wa mjini walikuwa wanauomba ukaingia, mjini wakapumua. Huko porini upepo huo huo uliugeuza moto: ubavu wake mrefu ukawa ndio uso wake, ukawafuata watu. Walikufa 173. Sisemi mwanafunzi wa katikati ya mji ataungua, hapana. Nasema hali ya hewa ya aina hiyo haikai kwenye sentensi moja na Arusha.

Nirudi kwenye mambo madogo, maana ndiyo yanayomaliza mwanafunzi.

Mimi nilikwenda na koti. Mama yangu alilinunua Karume, koti la sufu, refu, zito, la mzungu fulani marehemu nadhani, kwa bei ambayo hakunitajia mpaka leo. Nyumbani walinivalisha sebuleni, wakanipiga picha, nikatoa jasho, tukasema huyo baridi atanijua. Koti lile peke yake lilikula karibu kilo nne za begi. Wiki yangu ya kwanza nikalivaa kwenda chuo. Asubuhi nyuzi 6, koti likafanya kazi yake, nikajiona. Saa sita jua likatoka, kali, nikalivua nikawa nalibeba mkononi kama maiti ya mbuzi. Saa tisa nikiwa Swanston Street nasubiri tramu mvua ikaja na upepo. Mwavuli niliokuwa nao ukageuka juu chini mara ya kwanza, mara ya pili ukavunjika mbavu. (Mapipa ya taka ya mji ule siku za upepo yamejaa mizoga ya miavuli, angalieni mkifika.) Koti likanywa maji. Sufu ikilowa inanuka beberu. Nikapanda tramu watu wakasogea kwa adabu. Lile koti lilichukua siku nne kukauka na katikati ya hizo siku nne mimi nilikuwa na fulana mbili na sweta la shule. Nikaugua. Nikakosa kazi ya darasani iliyokuwa na asilimia 15 ya alama.

Ndugu yenu hakukosa akili. Alikosa taarifa. Kitu nilichohitaji kilikuwa jaketi jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake, la kukunja na kutia kwenye mkoba, na chini yake nguo nyembamba tatu za kuvua na kuvaa kadiri saa zinavyokwenda. Mji wa namna ile unauvalia kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Na vyote hivyo vipo hukohuko kwenye maduka yao ya mitumba, yale ya hisani, kwa bei ya kueleweka. Na kabla hujatoka mlangoni unafungua rada ya mvua ya idara yao ya hali ya hewa kwenye simu, unaona kabisa wingu linavyokuja, unajua una dakika ishirini au huna. Maneno ya dakika mbili hayo. Wakala ameongea dakika arobaini.

Halafu kuna nyumba. Hapa ndipo ninapokasirika.

Mtu akikwambia nchi ya baridi unafikiri nyumba zina joto. Tumeona kwenye filamu, nje theluji, ndani mtu kavaa fulana anakunywa kahawa. Kwanza Melbourne theluji haidondoki mjini, labda milimani mbali huko, kwa hiyo wale wanaoota kupiga picha za Krismasi ya theluji wajue Krismasi kule ni kiangazi, watu wako ufukweni. Pili, nyumba nyingi za zamani ambazo wanafunzi wanapanga zina kuta nyembamba, madirisha ya kioo kimoja na mlango wenye uwazi chini unaoweza kupitisha gazeti letu la Jumapili na nyongeza yake. Ndani mnaona pumzi zenu. Tulikuwa wanne nyumba moja: mimi, dada mmoja wa Moro, Mkenya na Mnepali. Hita ya sebuleni ilikuwa mbovu tangu siku tunaingia. Tukiwaandikia wasimamizi wa nyumba tunajibiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, ikaondoka, ikaja nyingine. Ukungu mweusi ukaota kwenye dari ya chumba cha yule dada, nguo hazikauki, analala na jaketi na chupa ya mpira ya maji moto tumboni, anakohoa usiku kucha na asubuhi ana mtihani. Tukanunua vihita vidogo vya umeme. Bili ya umeme ilipokuja tukakaa kikao kama cha harusi.

Sasa sikilizeni. Victoria ina sheria. Tangu Machi 29, 2021, nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe na hita iliyofungwa na inayofanya kazi kwenye chumba kikuu cha kukaa, na kuna viwango pia kuhusu ukungu na unyevunyevu. Mwenye nyumba analazimika. Ilikuwepo wakati sisi tunatetemeka! Tulikuja kuijua Septemba, maua yameshaanza kutoa, kutoka kwa mwanafunzi wa sheria tuliyekutana naye kwenye foleni ya chakula. Hakuna aliyetuambia kabla. Si wakala, si semina ya kuagwa ambako tuliambiwa tukawe mabalozi wema wa taifa. Balozi gani anayelala na soksi tatu?

Na yule mama aliyesema mwanawe ana kifua. Hili ndilo linaloninyima usingizi tangu Jumamosi. Novemba 21, 2016, siku ya joto la kama nyuzi 35, jioni dhoruba ya radi ilipita juu ya Melbourne. Ilikuwa msimu wa chavua ya majani, upepo na unyevu wa dhoruba vikapasua punje za chavua zikawa vumbi dogo kiasi cha kuingia mpaka ndani ya mapafu. Usiku ule maelfu ya watu walikimbilia hospitali hawawezi kupumua, magari ya wagonjwa hayakutosha. Walikufa watu kumi. Wengi wa waliofika hospitali hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu, walikuwa na mafua ya chavua tu, yale ya kupiga chafya na macho kuwasha. Na mgeni anaweza kuwasili hana mafua hayo, akayaanza baada ya msimu mmoja au miwili. Baada ya tukio lile serikali ya jimbo ilianzisha utabiri maalumu, kila mwaka kuanzia Oktoba mpaka Desemba, unaokuambia siku gani hatari ipo juu. Siku hiyo unakaa ndani, unafunga madirisha, na dawa yako ya kuvuta iko mfukoni.

Mama ameuliza swali la kitabibu akajibiwa na utani wa utalii. Na ukumbi ukapiga makofi. Na mwandishi alikuwepo.

Najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa ofisini. Kwamba nakuza mambo, kijana akifika atazoea, mbona wengine wamezoea. Ni kweli, watu wanazoea. Hata mimi nilizoea, mwaka wa pili nilikuwa natoka na kaptula asubuhi ya nyuzi 11 kama mwenyeji. Lakini kuzoea kuna gharama na kuna anayeilipa. Ada ya viza ya mwanafunzi wa Australia ilipandishwa mpaka dola zao 2,000 Julai 1, 2025, hairudishwi ukikataliwa. Tangu Mei 2024 wakataka uonyeshe dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka. Kuna mzee kauza kiwanja Kibaha kwa ajili ya hayo. Mwanawe akifika anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, na kazi yenyewe ni ya kibarua, ukiumwa hulipwi. Wengine wanasambaza chakula kwa baiskeli, wanalipwa kwa safari. Wewe uliye ndani unaagiza chakula kwa sababu nje kuna mvua ya mawe, yule anayekuletea ndiye mwanafunzi ambaye "atazoea". Wiki mbili za kuugua ni kodi ya mwezi. Semesta moja ya kufeli ni nusu ya kile kiwanja.

Wapo pia wanaosema ukiwaambia watoto haya utawatisha wasiende. Huyo naye simuelewi. Mtu anayeacha kwenda chuo kwa kuambiwa abebe jaketi la mvua hakuwa anakwenda. Mimi ningerudi Melbourne kesho. Hakuna mchana mzuri kama mchana wa Machi mji ule, joto limekatika, hewa imetulia, jua la dhahabu mpaka jioni. Kiangazi jua linazama karibu na saa tatu usiku, unatoka maktaba bado kweupe (ndugu zangu Waislamu wajiandae, mfungo ukiangukia Februari kama 2026 futari ni baada ya saa mbili). Na tuache uzushi kwamba mvua yake ni gharika: Melbourne hupata milimita 650 hivi kwa mwaka, Dar tunapata zaidi ya 1,000. Yetu inashuka kwa kishindo, inafunga Jangwani, inakwisha. Yao inashuka kidogokidogo kama mtu anayedai deni, siku nyingi. Ukijua hivyo hukasiriki.

Ambao siwasamehi ni sisi tuliorudi. Wakala anauza, ndiyo kazi yake, analipwa kwa kichwa. Sisi tunalipwa na nani? Mtu yuko kule kwenye chumba chenye ukungu, anasubiri ile nusu saa ya jua, anatoka nje na miwani, anapiga picha kando ya mto, anaituma nyumbani: maisha safi. Mimi nimezituma picha hizo. Ninazo. Mama yangu ameweka moja kwenye fremu sebuleni, na kila mgeni akija anaonyeshwa jinsi Melbourne kulivyo kuzuri. Anga ya bluu, kama kwenye slaidi. Ile picha ilipigwa mchana wa siku ambayo asubuhi yake nilikuwa naomba kuongezewa muda wa kazi ya darasa kwa ajili ya homa.

Mama wa Jumamosi, sikuchukua jina lako wala namba yako. Lakini ulisema mwanao anapenda kusoma soma mitandaoni, basi huenda atakusomea hii. Ulisema anaondoka mwezi wa saba na umeshamnunulia koti. Liuze, au mwachie mdogo wake akienda Makete. Kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa kifua, aandikiwe dawa ya kuvuta na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, abebe kwenye begi la mkononi, sio lile kubwa linalokwenda chini ya ndege. Kwenye begi kubwa tia sweta mbili nyepesi, soksi nyingi, mafuta ya mgando maana ngozi na midomo itapasuka, na kandambili, za Februari. Nafasi itakayobaki weka unga. Jaketi la mvua atalinunua hukohuko wiki ya kwanza, mpe hela yake kabisa usimwambie atajua mwenyewe. Na siku ya kwenda kuangalia nyumba, kabla hajasaini chochote, awashe hita ya sebuleni asimame mbele yake mpaka aone joto linatoka.